Mtungi wa gesi kwenye buti la IST: tathmini yangu baada ya miezi kumi na mmoja

Katika karakana nilikofungiwa mfumo wa gesi asilia kuna bango lililobandikwa ukutani, juu ya meza ya kulipia, lenye maandishi mekundu yasemayo: "Mafuta yanaisha duniani. Badili gari lako leo." Fundi mkuu, kijana mwenye adabu ambaye muda wote aliniita mama, aliniongezea kwa mdomo kwamba wataalamu wamekwisha kupiga hesabu na kwamba yamebaki ya miaka hamsini tu. Mimi nilikuwa nimeamua kubadili gari kabla sijaliona bango hilo, kwa sababu iliyo karibu nami zaidi, yaani mshahara wangu wa ualimu ulikuwa ukiishia kwenye pampu ya petroli. Hata hivyo maneno yale yalinikaa moyoni. Kwa kuwa yanatumika kuuzia huduma, nimeona niyapime kama ninavyopima mtungi, nozeli na kazi ya mafundi, maana mteja anayetoa shilingi 1,900,000 ana haki ya kujua kama anachoambiwa ni kweli.

Nianze na kazi yenyewe. Gari langu ni Toyota IST ya injini ya lita 1.5, na kwa petroli lilikuwa likinipa kilomita 12 kwa lita katika foleni za kawaida za Dar es Salaam. Nililipeleka saa moja asubuhi, nikalichukua saa kumi na mbili jioni siku hiyohiyo. Katika muda huo mafundi watatu walifunga mtungi wa chuma wa lita 60 ndani ya buti, wakapitisha bomba jembamba la chuma chini ya sakafu hadi kwenye injini, wakaweka kifaa cha kupunguza presha, nozeli nne za gesi pembeni mwa zile za petroli, kompyuta ndogo inayopanga kiasi cha gesi kinachoingia, na swichi yenye taa ndogo tano karibu na usukani. Mfumo wa petroli haukuondolewa. Nalitaja hilo kwa ajili ya wanaoogopa kwamba watakwama barabarani: gari linabaki na tangi lake la zamani pamoja na mtungi mpya, na ukibonyeza swichi linahama kutoka petroli kwenda gesi, au kurudi, bila kuzimika.

Kila asubuhi gari huwaka kwa petroli na kwenda hivyo kwa dakika mbili tatu, mpaka maji ya rejeta yapate moto, ndipo linahamia kwenye gesi lenyewe. Mwanzoni nilidhani ni kasoro. Nilipouliza, fundi alinieleza bila haraka kwamba gesi ikitoka kwenye presha kubwa ya mtungi na kutanuka ghafla hupoa mno, kiasi cha kuweza kukigandisha kifaa cha kupunguza presha, kwa hiyo wamepitisha humo maji ya moto ya injini ili kukipasha. Presha ya mtungi uliojaa ni bar 200, wakati tairi la gari dogo hubeba bar 2 na ushei tu; mtu akiuweka ukweli huo akilini ataelewa kwa nini kila kiungo cha bomba lile kinastahili kukazwa na fundi anayejua anachokifanya, na kwa nini mtungi wenyewe ni mzito kama gunia la saruji na zaidi.

Hapo ndipo penye lawama yangu kubwa kwa karakana. Wiki ya pili niliegesha gari jioni kipimo kikionyesha presha ya 160, asubuhi nikakuta 120, na gari halikuwa limesogea hata hatua moja. Nililirudisha. Fundi alichanganya sabuni na maji kwenye kopo, akapaka povu kwenye viungo kimoja baada ya kingine, na kwenye kiungo kilicho chini ya kiti cha nyuma povu likaanza kutoa mapovu madogo mfululizo, kama wali unaokaribia kukauka. Alikikaza, akapaka tena, pakatulia. Kazi ilikwisha kwa robo saa na sikulipishwa. Lakini kipimo hicho cha sabuni, ambacho hakigharimu hata shilingi mia mbili, kilipaswa kufanywa siku ya kwanza mbele ya macho yangu, na hakuna aliyeniomba radhi. Mtu anayewakabidhi mafundi gari linalopakia watoto wake hawezi kulichukulia jambo hilo kuwa dogo. Pia cheti cha mtungi, pamoja na maelezo ya tarehe iliyogongwa shingoni mwake inayoonyesha ulipimwa lini, nilikipata baada ya kukidai, wakati ni karatasi ambayo kila mteja alipaswa kuondoka nayo.

Kuhusu uendeshaji sina malalamiko mengi. Gari limepungua nguvu kidogo, na unalihisi hasa unapopanda kutoka Ubungo kwenda Kimara ukiwa umepakia watu wanne na kiyoyozi kimewashwa. Inabidi urudishe gia mapema kuliko ulivyozoea. Mlio wa injini umekuwa laini zaidi. Buti la IST, ambalo tangu awali ni dogo, limebaki na nafasi ya mifuko miwili ya sokoni, na mtu mwenye biashara ya kubeba mizigo ajue kwamba nafasi hiyo ameiuza. Tairi la akiba nalo limehamia nyuma ya kiti cha mbele.

Sasa fedha. Natembea wastani wa kilomita 60 kwa siku kati ya Mbezi na Posta na mizunguko mingine, siku 26 za mwezi, jumla kilomita 1,560. Kwa petroli nilikuwa natumia lita 130, na kwa kuwa bei ya lita hapa Dar es Salaam kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka shilingi 3,000, mara chini kidogo mara juu kidogo, mwezi ulinigharimu takriban shilingi 390,000. Kwa gesi napata kilomita 17 kwa kilo, kwa hiyo natumia kilo zipatazo 92, na kwa bei ya shilingi 1,550 kwa kilo niliyokuwa nikijazia, hizo ni takriban shilingi 142,000, pamoja na kama shilingi 21,000 za petroli ya kuwashia asubuhi. Ninachookoa ni shilingi 227,000 kwa mwezi. Gharama ya kufunga mfumo ilirudi kati ya mwezi wa nane na wa tisa, na tangu hapo kila shilingi inayookolewa ni yangu. Ikumbukwe kwamba ndani ya bei ya petroli mna kodi na tozo nyingi, ikiwemo ile inayotunza Mfuko wa Barabara. Siku gesi nayo itakapobebeshwa mzigo wa uzito huo, hesabu hii itabadilika, na mwenye kutaka kufunga mfumo aifanye upya kwa bei za siku yake.

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye hesabu hiyo, nayo ni foleni. Magari na bajaji za gesi yameongezeka jijini kwa kasi kuliko vituo vya kuyajazia, ingawa vituo vipya vimekuwa vikifunguliwa, na nimekaa kwenye mstari saa moja na nusu, mara mbili tatu hata saa tatu, nikisahihisha daftari za wanafunzi juu ya usukani. Siku moja, baada ya kusubiri tangu saa kumi na moja alfajiri, nilifika kwenye pampu, nikashuka, nikafungua buti kama inavyotakiwa, mhudumu akachomeka mpira, na mashine ikasimama mtungi ukiwa umefika 130 tu badala ya 200. Niligeuka kumwangalia dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu, mtu mzima aliyeonekana kuizoea hali ile. Akaniambia, "Mama, gesi ipo tele, ila presha ndiyo hamna." Alikuwa na haki. Bomba lilikuwa na gesi. Ila mashine za kuishindilia zilikuwa zimeelemewa na magari yaliyotutangulia, na kila aliyefuata alipata pungufu kuliko aliyemtangulia.

Maneno ya dereva yule yamenisaidia kulielewa lile bango kuliko makala nyingi nilizosoma, kwa sababu habari ya mafuta duniani nayo, kwa sehemu kubwa, ni habari ya presha. Watu wengi tunayafikiria mafuta ya chini ya ardhi kama maji ya pipa la nyumbani: unachota kila siku, unasikia kata inagonga chini, kisha basi. Mafuta hayakai hivyo. Yamejipenyeza ndani ya vinyweleo vya miamba, mfano wa maji ndani ya jiwe la chokaa lililoloa, na hutoka kwa kusukumwa na presha iliyomo humo chini. Presha ya asili ikipungua, wachimbaji husukuma maji au gesi chini ili yaendelee kutoka. Hiyo nayo ikichoka, hutumia mvuke au kemikali. Pamoja na juhudi hizo zote, katika visima vingi duniani takriban theluthi mbili ya mafuta hubaki kwenye mwamba. Hayajaisha, ila kuyatoa kunagharimu kuliko bei yake.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Uganda. Mwaka 2006 yaligunduliwa mafuta kwenye bonde la Ziwa Albert, na makadirio ya serikali yao yamekuwa kwamba ardhini mna mapipa bilioni 6.5, lakini yanayoweza kutolewa ni takriban bilioni 1.4. Mapipa bilioni tano na zaidi yatabaki palepale, chini ya miguu ya watu wa Hoima na Buliisa, hata baada ya visima kufungwa. Na hayo yatakayotolewa yana nta nyingi, huganda yakipoa, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa liwe linapashwa moto njia nzima. Dunia hutumia mapipa yapatayo milioni 100 kwa siku moja. Mtu akigawa bilioni 1.4 kwa milioni 100 anapata 14: hazina yote hiyo, iliyochukua miaka karibu ishirini ya mikataba, mabishano, fidia za mashamba na mabomba, ni ulaji wa dunia wa wiki mbili. Nilipoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia nikidhani nimekosea sifuri.

Je, ile miaka hamsini ya fundi mkuu imetoka wapi? Haikutungwa. Mwisho wa mwaka 2020 akiba ya mafuta iliyothibitishwa duniani ilihesabiwa kuwa mapipa yapatayo trilioni 1.7, na ukiigawa kwa kiasi kilichochimbwa mwaka huo unapata miaka hamsini na kitu. Kosa lipo katika kuisoma namba hiyo kama tarehe ya kuisha kwa dawa. Akiba iliyothibitishwa maana yake ni mafuta yanayojulikana yalipo na yanayoweza kutolewa kwa faida, kwa bei na kwa ufundi wa wakati huo. Bei ikipanda au ufundi ukikua, namba inapanda bila hata tone jipya kugunduliwa. Mwaka 1980 hesabu ya aina hiyohiyo ilitoa akiba ya mapipa yasiyofika bilioni 700, sawa na miaka takriban thelathini. Kwa kipimo hicho mafuta yangekwisha mnamo 2010. Tangu wakati huo dunia imetumia zaidi ya mapipa trilioni moja, na akiba iliyoandikwa ni kubwa kuliko ilivyokuwa.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani hakuna mpaka. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na nchi kadhaa za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, kupandisha takwimu za akiba zao katika miaka ya 1980, wakati mgao wa uzalishaji ulipokuwa ukijadiliwa, bila ugunduzi mkubwa wa kulingana na namba hizo, na wachambuzi wengi wamezitilia shaka tangu hapo. Sehemu nyingine ni mafuta mazito ya Orinoco nchini Venezuela na mchanga wenye lami wa Kanada, ambayo ni kweli yapo, ila kuyatoa na kuyasafisha kunakula nishati na fedha nyingi kuliko mafuta mepesi ya Uarabuni. Trilioni 1.7 kwa hiyo si ghala lenye magunia ya aina moja.

Aliyelitazama jambo hili kwa makini mapema kuliko wengi ni mwanajiolojia Mmarekani, M. King Hubbert, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Shell. Machi 1956, katika mkutano uliofanyika San Antonio, Texas, alieleza kwamba uzalishaji wa mafuta wa eneo lolote hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na kwamba kilele cha Marekani kingefika kati ya 1965 na 1970. Wengi walimpinga, lakini mwaka 1970 Marekani ilifika takriban mapipa milioni 9.6 kwa siku, ikaanza kushuka, na kufikia 2008 ilikuwa imebaki na kama milioni 5. Baada ya hapo likatokea ambalo mchoro wake haukulionyesha. Wachimbaji walijifunza kutoboa mwamba kwa kulaza mlalo na kuupasua kwa maji yenye presha kubwa, mafuta yaliyokuwa yamefungwa ndani ya miamba migumu yakaanza kutoka, na mwaka 2023 nchi hiyo ilizalisha karibu mapipa milioni 13 kwa siku, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Hubbert alikuwa sahihi juu ya mafuta aliyoyajua. Mwamba ulikuwa na mengine, na bei ilipopanda vya kutosha watu wakapata presha ya kuyatoa.

Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, ilipita njia inayofanana na hiyo kwa kipimo kidogo. Uzalishaji wake ulifika kileleni karibu na mwaka 2000, ukashuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha ukapanda tena baada ya kuingiza mvuke katika visima vya mafuta mazito kama vya Mukhaizna, na huko Amal mvuke mwingine unatengenezwa kwa joto la jua. Nchi ya mafuta inatumia jua kuyatoa mafuta: nadhani hakuna kinachoeleza vizuri zaidi jinsi mafuta rahisi yanavyotutoka mikononi hata kama mafuta kwa jumla bado yapo.

Kwa hiyo jibu langu kwa bango ni hili: dunia haitalichimba tone la mwisho la mafuta. Muda mrefu kabla ya hapo, ama kuyatoa kutakuwa ghali kuliko watu wanavyoweza kulipa, ama watu watakuwa wamepata kingine cha kuendeshea vyombo vyao. Hili la pili limekwisha kuanza. Nchini Norway, mwaka 2024, karibu magari mapya tisa katika kila kumi yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na jirani zetu wa Ethiopia mwaka huohuo walipiga marufuku kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Nishati lilitabiri kwamba mahitaji ya mafuta duniani yangefika kileleni kabla ya 2030, OPEC ikapinga vikali, na mabishano hayo hayajakwisha. Kinachonigusa mimi ni kwamba mabishano yenyewe yamegeuka: kizazi cha wazazi wangu kilibishana kilele cha uchimbaji kitafika lini, na sasa wakubwa wa nishati wanabishana kilele cha matumizi kitafika lini.

Lakini kwa mtu wa Mbezi, swali la kama mafuta yataisha duniani halina uzito kama swali la kama yatampata yeye, kwa bei anayoimudu. Tanzania huagiza petroli na dizeli yake yote kutoka nje kwa meli, na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo ambazo sisi sote tunazisubiri kama matokeo ya mtihani. Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine kuitikisa dunia, petroli hapa mjini ilivuka shilingi 3,400 kwa lita, na mafuta duniani hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yakienda kwa waliotutangulia kwenye mstari, wenye fedha zaidi. Aliyesimama mwisho hupata mtungi wa 130.

Na gesi je? Wauzaji wa huduma hii huizungumzia kana kwamba ni kisima kisicho na kina, na hapo pia nawaomba wawe waangalifu. Gesi yetu ni ya kweli na ni ya kujivunia. Iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982; ile ya Songo Songo ilianza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Gesi inayotajwa rasmi kuwa imegunduliwa ni futi za ujazo trilioni 57.54. Ukiibadilisha kwa kipimo cha nishati inafanana na mapipa ya mafuta yasiyofika bilioni 10, yaani ulaji wa dunia wa mafuta wa miezi mitatu hivi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo iko chini ya bahari ya kina kirefu, ikisubiri mradi wa kuigeuza kuwa kimiminika huko Likong'o, Lindi, ambao umezungumzwa kwa miaka mingi. Kwa nchi moja ni utajiri wa vizazi iwapo utatunzwa. Hata hivyo ni akiba, ina kilele chake na ina presha yake inayoshuka kila mwaka visima vinapotumika, sawasawa na mafuta. Nimehama kutoka ghala moja kwenda jingine lililo karibu na nyumbani na la bei nafuu zaidi. Namshukuru Mungu kwa hilo, ila sitawaambia watoto wangu kwamba nimehama kutoka kinachoisha kwenda kisichoisha.

Tofauti iliyopo, na ambayo karakana ingeiandika kwenye bango lake ingenivutia zaidi, ni kwamba gesi hii haiji kwa meli. Mhudumu anapochomeka mpira kwenye buti langu, kinachoingia kimetoka Lindi na Mtwara kwa bomba, na bei yake haikuruka pale vita vilipoanza mahali nisipoweza kupaonyesha wanafunzi wangu bila ramani. Moshi wake pia ni mwepesi: plagi nilizozitoa baada ya miezi kumi zilikuwa safi, rangi ya udongo uliokauka, wakati zile za petroli zilikuwa zikitoka nyeusi tii.

Kwa huduma ya kufunga mfumo natoa alama 7 kati ya 10. Nimepunguza mbili kwa kile kiungo kilichovuja na moja kwa cheti kilichodaiwa. Kwa gesi yenyewe kama nishati ya gari dogo la mjini natoa 8, na foleni ndiyo iliyozila hizo mbili. Vituo vikiongezeka nitazirudisha bila kusita. Anayetembea zaidi ya kilomita 40 kwa siku ndani ya jiji, hasa dereva wa teksi mtandao au bajaji, fedha yake itarudi. Anayeendesha siku za ibada na sokoni tu atakaa miaka mitatu kabla ya kuona faida, na ni bora abaki na buti lake. Anayesafiri mikoani mara kwa mara ajue kwamba mtungi wa lita 60 hubeba kilo kama 10, sawa na kilomita 170 kwa gari kama langu, na Morogoro ni kilomita karibu 190 kutoka hapa, kwa hiyo sehemu ya safari ataimaliza kwa petroli.

Ukienda kufungiwa, dai mambo matatu kabla ya kulipa salio: cheti cha mtungi chenye namba inayolingana na ile iliyogongwa shingoni, kipimo cha povu la sabuni kwenye kila kiungo ukiwa umesimama pale unaangalia, na maelezo ya maandishi ya lini mtungi utarudishwa kupimwa upya. Tangi la petroli usiliache chini ya robo, kwa sababu pampu yake hupozwa na mafuta yaliyomo, na fundi mmoja alinionyesha pampu tatu zilizoungua kwa mazoea hayo. Kwenye foleni, saa kumi na moja alfajiri si mapema tena. Mimi siku hizi najaza saa nne usiku, watoto wakishalala, na kwa muda huo mtungi unafika 200.